Goti la Bonifasi

Yusufu mwanangu,

Leo asubuhi nimekuona ukikunja fulana zako tatu, ukazikunjua, ukazikunja upya, nikajua kwamba hata wewe una hofu kidogo. Mama yako amekwisha kukwambia habari za dawa ya malaria na joto la Usumbura, na shangazi yako amekwisha kukuonya juu ya marafiki wa mjini. Katika hayo mimi sina cha kuongeza. Nimekaa hapa karakana, alasiri imekwisha kusaliwa, nimesukuma randa pembeni ya meza na kuchukua daftari ninalochorea milango. Mafundi nimewaambia waende zao mapema.

Kesho meli itakuchukua mpaka Bukavu, na kutoka huko lori litakuteremsha Usumbura, kwenye ile shule mpya ya serikali inayopokea watoto wa dini zote. Utafundisha michezo, na zaidi ya yote utafundisha basiketi. Mtaani kwetu watu wamefurahi. Jana Mzee Athumani, yule mshonaji jirani, alinisimamisha njiani akasema, "Mtoto wa nyoka ni nyoka. Baba alifundisha, sasa mtoto atafundisha." Nilicheka naye kwa adabu, lakini nilirudi nyumbani na mzigo moyoni. Unaondoka ukiamini kwamba niliacha timu ya mji kwa sababu nilichoka. Ndivyo nilivyokwambia ulipokuwa na miaka kumi na miwili, na wakubwa wa mtaani wakanisitiri. Sikuchoka, mwanangu. Niliondolewa. Na nilistahili kuondolewa, ingawa si kwa sababu waliyoitoa wao. Nataka uisikie habari hii kwangu mimi kabla hujasimama mbele ya vijana wa watu na filimbi shingoni.

Vita vya Wazungu vilikuwa vimekwisha, na wewe ndiyo kwanza unaanza chuo cha Kurani, siku alipoingia karakana hii Mwamerika mmoja mrefu, mwembamba, nywele nyeupe tupu, viatu vyake vina viraka. Alikuwa mwalimu wa hesabu katika shule ya misheni kule kilimani. Jina lake Wolta. Kiswahili chake alikiokota upande wa Kongo, na alikisema bila haya.

"Fundi," alisema, "mi nataka mbao mbili kubwa na miti mbili murefu. Juu ya mbao, pete ya chuma. Watoto watatupa mupira ndani."

Nikamwuliza, "Mpira ukishaingia, unakwenda wapi?"

"Unaanguka chini."

"Basi kwa nini waurushe?"

Alicheka mpaka akakaa juu ya gogo. Aliniambia kwamba tangu aanze kufundisha mchezo huo hakuna aliyewahi kumwuliza swali zuri namna hiyo.

Nilimtengenezea. Pete niliagiza kwa mhunzi, akazipinda kutoka chuma cha pipa, na nyavu zilifumwa na wavuvi wa Nyamyumba, kule ziwani. Tulipokwisha kusimamisha miti, Wolta alileta kamba ya kupimia. Pete moja ilikuwa chini ya kipimo kwa upana wa vidole vitatu. Nikamwambia, "Mwalimu, nani atakayeona?" Akasema, "Mutoto ataona, siku atacheza fasi ingine," yaani mahali pengine. Akanifanya nifukue shimo, tuuinue mti wake. Nilikasirika, lakini nilifukua, naye akavua koti akafukua pamoja nami, mzee wa zaidi ya miaka sitini.

Baada ya hapo nilikuwa nikipita kila jioni kuangalia ile kazi yangu inatumiwaje. Kwanza nilisimama nje ya uwanja. Kisha nikawa naokota mipira. Kisha akaniambia nisimame na kundi la pili, niwafundishe kupasiana. Alikuwa hataki mtu akae na mpira. "Mupira unakimbia kuliko mutu," alisema kila siku, na alikuwa anaweza kuwafanya vijana wapasiane saa nzima bila kutupa hata mara moja kwenye pete. Wakilalamika, anakubaliana nao kwamba inachosha, kisha wanaendelea.

Alipokuja karakana alizoea kukaa pale ulipo msumeno mkubwa sasa, akinisimulia maisha yake. Alikuwa mwanafunzi wakati mchezo wenyewe ulikuwa mchanga, walipotundika vikapu vya kweli vya kubebea matunda, vyenye kitako, na kila mpira ulipoingia mtu alipanda ngazi kuutoa. Alipomaliza masomo, chuo kimoja kidogo kilimwajiri afundishe hesabu, na kwa mshahara ule ule afundishe timu. Hakukuwa na mtu mwingine. Yeye alifagia ukumbi, yeye alishona jezi zilizochanika, yeye alifunga vitambaa kwenye vifundo vya miguu. Aliwapandisha vijana saba kwenye treni katikati ya theluji, wakasafiri siku nzima kwenda kucheza na chuo kingine, wakarudi wamelaliana kama magunia. Alifanya hivyo miaka kumi na tisa. Walishinda sana. Alisema katika mji ule watu walimjua kuliko walivyomjua mkuu wa mji.

Siku moja nilimwuliza kwa nini aliacha. Nilikuwa napiga randa mlango wa jikoni. Akanisimulia habari za kijana wake mmoja, Tomasi, mtoto wa mchimba makaa ya mawe. Wakati wa baridi, siku ya kucheza na wapinzani wao wakubwa, Tomasi aliamka na homa. Wolta alimgusa paji la uso kwa mkono wake mwenyewe. Alijua. Akampanga, kwa sababu bila yeye wasingeshinda. Kijana alicheza mpaka mwisho akiwa amelowa jasho, akatoka nje kwenye theluji, na baada ya siku tisa mapafu yalimwua.

"Mechi tulishinda," Wolta alisema. "Kwa maziko watu walinishika mukono. Walisema nilimupatia mutoto furaha yake ya mwisho. Hata mutu moja hakuniuliza kitu. Hata baba yake. Donc, basi, mi nilijiuliza peke yangu, na nilichukua miaka mine kujibu."

Mimi, Yusufu, nilimhurumia. Nilimwambia pole. Lakini nilimsikiliza kama mtu anavyosikiliza habari za ugonjwa wa nchi ya mbali. Nilijiambia kwamba mimi ni fundi, ninajua ubao gani unabeba na upi unavunjika, jambo kama hilo haliwezi kunipata.

Macho yake yakaharibika, na misheni ikamrudisha kwao. Alinipa filimbi yake. Ile shule haikutaka Mwislamu afundishe watoto wake, hata mpira, kwa hiyo niliunda timu ya mji. Nilichukua washonaji wa mtaani kwetu, vijana wanaofuatana na malori, wapagazi wa bandarini, na wavuvi wawili wa Nyamyumba. Mmoja wa wale wavuvi alikuwa Bonifasi.

Wewe unamjua Bonifasi wa leo. Nataka nikuonyeshe yule wa wakati ule. Alikuwa na miaka kumi na tisa. Alivuta nyavu tangu utotoni, na mikono yake ilikuwa mirefu na yenye nguvu kama kasia. Alikuwa mwenye haya, ukimsifu anaangalia vidole vya miguu yake. Lakini uwanjani alijua mpira utaangukia wapi kabla ya aliyeurusha kujua. Akiruka, ulikuwa unapata muda wa kumtazama. Alikuwa mtoto wa pekee wa mama yake, Nyiransaba, muuza samaki, mjane. Mama huyo alikuja kwangu mwanzoni kabisa kuniuliza mchezo huu ni wa namna gani, na kama watu wanaumizana. Nilimwambia ni mchezo wa adabu, kugusana ni kosa. Akasema, "Basi Fundi, nakuachia yeye." Alimaanisha.

Mwaka ule kamati ya michezo ya mji ilitangaza kwamba tutacheza na timu ya Goma, ng'ambo ya mpaka, siku ya maonyesho ya mazao. Mwenyekiti alikuwa Mzungu mmoja mwenye duka la vyuma. Timu itakayoshinda itakwenda Bukavu, na mwalimu wake ndiye atakayefundisha timu ya pamoja ya huku na kule. Hakuna mtu mweusi aliyewahi kupewa kazi hiyo. Watu walianza kuniambia njiani, "Fundi, ni wewe." Babu yako, aliyekuja nchi hii na msafara kutoka Ujiji na maisha yake yote aliitwa mgeni, alisema atakufa na furaha akiona jina letu limeandikwa kwenye karatasi ya serikali. Nilitaka jina hilo, Yusufu. Tangu nimwoe mama yako sikuwa nimetaka kitu namna hiyo.

Siku nne kabla ya mechi, goti la Bonifasi lilibanwa kati ya mitumbwi miwili wakati wa kuipandisha ufukoni. Nilipopata habari nilitembea kwa miguu mpaka Nyamyumba. Nilimkuta kwenye maji ya moto yanayotoka ardhini pale kando ya ziwa, amekaa ameliloweka goti. Lilikuwa limevimba kama papai.

"Fundi, goti iko na maji ndani," aliniambia. "Usiku haiachi kuuma."

"Unaweza kusimama?"

"Kusimama naweza."

"Na kuruka?"

Akachota maji, akayamwagia goti. Kisha akasema, "Fundi, ukisema nicheze, nitacheza."

Nimefundisha miaka mingi na sasa najua maneno hayo maana yake nini. Mchezaji akikwambia hivyo, amekwisha kukwambia kwamba hawezi. Ametumia adabu tu. Hata siku ile nilijua. Lakini nilisema, "Dakika kumi za mwisho, basi. Hizo zinatosha." Mama yake alikuwa anaanika samaki hatua chache kutoka pale. Akauliza, "Fundi, huyu mutoto atapona?" Nikamjibu, "Atapona, mama. Ni uvimbe tu." Huo ulikuwa uongo wa kwanza, na niliutoa kwa sauti ya upole kabisa.

Siku ya mechi watu walijaa mpaka juu ya magari. Wakati wa mapumziko tulikuwa nyuma kwa vikapu vinne. Nikasahau zile dakika kumi. Nikamwita Bonifasi mwanzoni mwa kipindi cha pili, nikamkaza goti kwa kitambaa mimi mwenyewe, akaingia. Wallahi, sijaona mtu akicheza vile. Alitupa vikapu saba. Goma waliweka watu wawili kumzuia, halafu watatu.

Sasa nakuja mahali ambapo kalamu inakuwa nzito. Timu yetu ilikuwa na ishara. Mchezaji akitaka kutoka, ananionyesha kiganja cha mkono, hivi, karibu na kifua, wapinzani wasione. Zilibaki dakika chache sana, tumelingana. Bonifasi alipita mbele yangu akanionyesha kiganja. Nilikiona. Nilikiona vizuri kama ninavyoiona karatasi hii. Nikageuza uso nikatazama watu waliokaa juu ya lori, kama kwamba nimeitwa huko.

Alirudi uwanjani. Mpira wa mwisho ulimfikia karibu na pete, akaruka, akautia. Aliposhuka, goti lilikwenda upande ambao goti haliendi. Tuliokuwa karibu tuliisikia sauti yake.

Tulishinda kwa kikapu kimoja. Watu walininyanyua mabegani wakanizungusha uwanja. Wewe ulikuwa chini unakimbia pamoja nao, nilikuona. Bonifasi walimbeba juu ya mlango wa duka uliong'olewa, kumpeleka hospitali, na nilipofika huko msaidizi wa daktari aliniuliza, "Alikuwa na maumivu kabla ya mechi?"

Nilikuwa nimesimama kando ya kitanda. Nikasema, "Hakuniambia kitu."

Bonifasi alinitazama. Kisha akageuza uso ukutani. Hakusema neno, siku ile wala siku zilizofuata. Wachezaji wenzake walipomlaumu kwamba alificha maumivu yake, alinyamaza tu. Alikuwa ananiheshimu, na mimi niliitumia ile heshima kama mtu anavyotumia ngazi.

Nikapewa kazi. Nilinunua viatu vyeupe. Tulikwenda Bukavu, tukapigwa picha, jina la babu yako likaandikwa kwenye karatasi, na kweli alifurahi. Miezi miwili niliishi hivyo, na ningesema kwamba sikulala usiku ningekuwa naongeza uongo mwingine. Nililala. Hilo ndilo linalonitisha zaidi nikikumbuka.

Kisha siku moja asubuhi Nyiransaba aliingia karakana hii. Alikuwa na kapu la samaki kichwani. Alilitua, akanisalimu kama kawaida, akaniuliza habari za mama yako na zako. Halafu akasema, "Fundi, nataka magongo ya kutembelea ya mutoto. Ile alipata hospitali ni fupi, inamuinamisha."

Nikachukua kipimo, nikamwuliza urefu. Swali la kijinga, lilinitoka kwa mazoea ya kazi.

Akasema, "We unajua urefu wake."

Hakuinua sauti. Alikaa akangoja. Nilikata mti mgumu mzuri, nikaupiga randa, nikatia ngozi mahali pa kwapa, na muda wote huo yeye alikuwa amekaa nyuma yangu. Nilipomaliza aliniwekea samaki mezani. Nikamwambia, "Hapana, mama, chukua tu." Akanitazama kwa mara ya kwanza.

"Chukua samaki, Fundi. Ukikataa, watu watasema uko unalipa kitu."

Nikachukua. Mama yako aliwapika, mkala. Mimi nilisema tumbo linaniuma.

Wiki ile ile, baada ya mazoezi, niliwaambia wachezaji wakae chini. Mwenyekiti wa kamati alikuwepo. Nikawaeleza yote: maji ya moto, dakika kumi, kiganja, na neno nililosema hospitali. Niliposema habari ya kiganja, kijana mmoja mpagazi aliinuka akaondoka, na hakucheza tena chini yangu. Mwenyekiti alinivuta pembeni. "Mambo kama haya hayasemwi mbele ya vijana," alisema. "Mwalimu anayejivunjia heshima hafai." Kesho yake wakaniondoa. Hawakuniondoa kwa ajili ya goti. Waliniondoa kwa sababu nilisema.

Nilidhani baada ya hapo nitakuwa mwepesi. Nilitembea tena mpaka Nyamyumba nikidhani Bonifasi atanishika mkono. Alikuwa amekaa chini anaziba nyavu, magongo yamelala pembeni. Alikuwa amekwisha kusikia, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue, alinikasirikia.

"Nani alikutuma useme?"

Nikamwambia nilitaka watu wajue ukweli.

"Ukweli gani? Sasa kila mutu ananiangalia kama mbuzi ulipeleka sokoni. Ile mechi mi nilicheza, Fundi. Vikapu saba. Ile ni yangu." Akatupa sindano ya kuzibia. "Goti ni ya sisi wawili. We ulitaka, mi nilikubali. Mi si mutoto. Ila ile mukono niliinua na ukaangalia kando, na ile neno ulisema hospitali, hizo ni zako peke yako. Usizichanganye na mechi yangu. Na ulipaswa kuja hapa kwanza, mbele ya kuambia wale wengine."

Mama yake alikuwa mlangoni. Hakunikaribisha ndani, wala hakunifukuza. Ningekusimulia kwamba baadaye alinisamehe, ingekuwa hadithi nzuri. Hajaniambia hivyo mpaka leo. Tunasalimiana, ananiuliza habari za nyumbani, na viti vyake ananunua kwa fundi mwingine. Ni haki yake.

Yale maneno ya Bonifasi yalinichukua muda mrefu zaidi kuyaelewa kuliko kosa lenyewe. Nilikuwa nimemwumiza mara ya kwanza ili nipate jina, kisha nikamwumiza mara ya pili ili nipate usingizi wa mtu safi. Mara zote mbili sikumwuliza yeye anataka nini.

Miaka mitatu sikugusa mpira. Nilitengeneza milango. Ulipofika miaka kumi na mitano ukaanza kuniomba nikufundishe, nikakwambia nimezeeka, ukaniona mtu mvivu. Unakumbuka ulivyokasirika ukatafuta uwanja mwenyewe. Ulichokipata Nyamyumba mimi sikukijua: Bonifasi amekaa juu ya mtumbwi uliopinduliwa, anawafundisha watoto wa wavuvi kupasiana. Ulirudi jioni na ujumbe wake. Ulisema, "Baba, Bonifasi anasema nikuambie mbao zao zimeoza."

Hukujua umenibebea nini. Mama yako alijua, aliacha kupepeta mchele akanitazama. Kesho yake nilipakia mbao kwenye mkokoteni nikaenda. Bonifasi hakusema habari za zamani. Alisema, "Zile misumari ulileta ni fupi." Tukaanza kazi.

Tangu siku ile tunafundisha wawili, na sheria tuliyowekeana ni moja. Mimi natazama mpira. Yeye anatazama miguu na mikono ya vijana. Akisema mtu atoke, anatoka, hata kama ni dakika ya mwisho, na mimi sibishani. Mimi ndiye niliyemwomba iwe hivyo. Sikuwa naamini tena macho yangu wakati wa kushinda, na mpaka leo siyaamini. Macho yangu ni mazuri sana siku ya mazoezi.

Sasa utaelewa habari ya ile mechi ya Mudende, kule juu. Najua bado inakuuma. Ulikuwa umeanguka juu ya kifundo cha mkono, ukasema si kitu, ukatupa vikapu viwili kwa mkono mmoja. Wachungaji na wakulima wa viazi wote wa kule walikuwa wanakushangilia. Bonifasi akasema, "Mutoe." Nikakutoa, tukashindwa. Njia nzima ya kuteremka hukusema nami, na mwezi mzima nyumbani uliniitikia kwa kichwa tu. Uliniuliza swali moja: "Kwa nini unamsikiliza kilema kuliko mwanao?" Nilikupiga kofi kwa neno lile. Sikuwahi kukupiga kabla, sijakupiga tena. Nilipaswa kukujibu. Nilikuwa na jibu, na jibu lilikuwa hili ninaloandika sasa, lakini niliona haya. Nisamehe kofi lile. Bonifasi naye alilisikia lile neno lako, na alisema tu kwamba kama tungekuacha utupe kikapu cha tatu, maumivu ya mkono yangekufanya utukane vibaya zaidi.

Usumbura watataka vikombe. Mkuu wa shule atavitaka, wazazi watavitaka, na wewe utavitaka kuliko wote, nakujua. Usijifanye huvitaki. Mimi na mvi zangu hizi bado natetemeka Goma wakituongoza. Sikufanya lile jambo kwa sababu nilitaka kushinda. Nililifanya kwa sababu pale benchi hapakuwa na mtu hata mmoja mwenye nguvu ya kuniambia hapana, na nilipenda iwe hivyo. Tafuta mtu huyo mapema, kabla ya mechi ya kwanza, wakati bado una akili zako. Awe mtu asiyekuogopa. Na mpe neno lako mbele ya wachezaji, usije ukalimeza.

Siku moja utakosea, pengine kwa namna ambayo sikuiwaza. Vijana wanaumia hata mwalimu akiwa mwangalifu. Likitokea, nenda kwa yule aliyeumia kwanza, kabla ya kamati, kabla ya mkuu wa shule, kabla ya kuniandikia mimi. Mwulize anataka lisemwe nini. Kisha lisemwe siku ile ile, wala usingoje mama mtu aje.

Sijachoka, Yusufu. Kamati imekwisha kunikatalia mara mbili kuirudisha timu ya mji. Jumatatu nitakwenda mara ya tatu, na safari hii nakwenda na Bonifasi, ameshona shati jipya. Wakikataa, tutacheza na Goma kwa jina la Nyamyumba. Watoto wa kule wanapasiana vizuri kuliko timu yoyote niliyokuwa nayo, na kuna mmoja kutoka Nyakiriba anayeruka mpaka mtu unashika kichwa. Kazi ipo.

Kesho bandarini kutakuwa na watu wengi, na mimi sijui kusema mbele ya watu, kwa hiyo ichukue hii barua mkononi mwangu uisome ukiwa njiani. Ukishindwa, niandikie upesi. Ukishinda, niandikie pia. Lakini kila barua, kabla hujanipa matokeo, nitajie majina ya waliokaa benchi, na kwa nini walikaa. Bonifasi hajui kusoma. Nitamsomea, naye atataka kujua.

Baba yako,
Ramadhani bin Sefu, fundi seremala
Gisenyi